Tuulizane: Bifu za mabloga na sisi tunaowafuata

Wiki hizi barua zenu karibu zote zinaongelea kitu kimoja, mabloga wakubwa kuvuana nguo hadharani. Nimechagua nne, majina nimeyaweka pembeni.

SWALI: Dada shikamoo. Mi ni mfuasi wa siku nyingi wa bloga mmoja anaeandika mambo ya malezi, sasa kakorofishana na mwenzie ambaye zamani walikuwa chanda na pete, kila siku posti mpya, skrinshoti za inboksi zimemwagwa nje, juzi akaandika "familia yangu mnajua cha kufanya" na kweli watu wakaenda kumporomoshea yule dada matusi mpaka akafunga komenti. Mi sikutukana, nililaiki tu. Hivi haya mabifu ni ya kweli au wanatafuta kiki? Na mi kosa langu liko wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Yapo ya kupangwa kabisa, na yapo yaliyoanza kama kiki yakageuka uadui wa kweli pale mmoja alipogusa mtoto au ndoa ya mwenzie. Ila ujue blogu inayoishi kwa matangazo inalipwa kwa idadi ya waliofungua ukurasa, anayefungua kwa mapenzi na anayefungua aone leo fulani kachambwaje wote wanahesabiwa sawa, ndo maana ugomvi ambao watu wazima wangeumaliza kwa simu moja unakokotwa mwezi mzima, posti asubuhi, jibu mchana, laivu usiku.

Kinachoniuma kwenye barua yako ni ile kauli, mnajua cha kufanya. Hapo ugomvi umeacha kuwa wa watu wawili. Bloga mwenye wafuasi laki kadhaa akisema hivyo hajatukana wala hajatishia, ukimbana atakwambia mi sikumtuma mtu, lakini anajua vizuri kwamba sehemu ndogo tu ya hao wakimwendea mtu mmoja kwa pamoja, huyo mtu hatalala. Ukubwa wa hadhira ndo silaha yenyewe, na aliyeielekeza kwa mtu ana jukumu nayo hata kama kidole chake hakijaandika tusi. Mi siikubali kabisa ile ya "siwezi kuwazuia watu wangu", mbona akitaka wanunue kitu anawaelekeza na wanaelekezeka?

Na hili sio la leo. Mwaka 2007 Kathy Sierra, bloga wa Marekani wa mambo ya teknolojia aliyekuwa anasomwa sana, alipata vitisho vya kuuawa kwenye komenti, na picha za kumdhalilisha zikawekwa kwenye tovuti nyingine ambazo nyuma yake walikuwepo mabloga wenye majina. Akafuta safari ya kwenda kuongea kwenye mkutano San Diego, akaandika kwamba anaogopa hata kutoka nyumbani, baadae akaiacha kabisa blogu yake. Tim O'Reilly, mchapishaji wa vitabu vya kompyuta, akapendekeza kanuni za maadili za mabloga, na mojawapo ilisema uwajibike kwa maneno yako na pia kwa komenti unazoziruhusu kwako. Mabloga wengi wakaikataa wakisema inabana uhuru wa kusema. Mi naona kile kipengele cha komenti kilikuwa sahihi na mpaka leo ni sahihi, maana ukiyaacha matusi ya wafuasi wako yakae siku tatu wakati komenti za kukukosoa wewe unazifuta ndani ya dakika, umeshachagua upande.

Sasa laiki yako. Laiki inaisukuma posti mbele ya watu ambao hata hawakujua kuna ugomvi, na yule dada akipitia waliolaiki anakuta jina lako pale. Itoe. Skrinshoti usizisambaze, zinaanzia pale alipotaka aliyezikata na hujui ujumbe wa juu yake ulisemaje. Kama bado unampenda bloga wako mwandikie inboksi, mwambie kwa adabu kwamba ulimfuata kwa ajili ya malezi na hili hukulijia.

SWALI: Dada mhariri pole na majukumu. Napiga picha za harusi, kazi ndogo tu ya mimi na mke wangu. Bloga mmoja wa mambo ya harusi alitaka tumpigie shughuli nzima bure halafu atutangaze, tukamwambia kwa heshima hatutaweza, akajibu "sawa, ila mjue sauti yangu inafika mbali". Kesho yake akaandika kuna wapiga picha wana dharau, jina hakutaja, kwenye komenti watu wakaanza kubashiri, mmoja akatutaja na yeye akamjibu kwa kikatuni cha macho. Kufika jioni tuna nyota moja moja kibao kutoka kwa watu ambao hatujawahi kuwaona. Tumpe tu hiyo kazi yaishe?

JIBU: Pole sana kaka, na wifi pia. Msimpe. Mkimpa leo atarudi, na atawaambia na wenzake kwamba kwenu kunapitika.

Mteja aliyelipa pesa yake akapata huduma mbovu ana haki ya kulalamika, na kuwa na wafuasi wengi hakumpunguzii haki hiyo. Heather Armstrong, bloga wa Marekani wa mambo ya malezi mwenye blogu ya Dooce, mwaka 2009 alinunua mashine mpya ya kufulia ya Maytag ikawa inakufa kila mara na ana mtoto mchanga ndani, kapiga simu weee, hata alipowaambia ana wafuasi zaidi ya milioni Twitter akajibiwa kwamba hilo halitabadilisha kitu, basi akawaandikia watu wasinunue Maytag. Siku chache tu mashine ikatengenezwa. Watu walibishana sana kama aliitumia vibaya nguvu yake, mi nasema hapana, mashine aliinunua, ubovu ulikuwepo, na aliyekuwa anasemwa ni kampuni kubwa yenye watu wa kuijibia.

Huyo wenu hajawahi kuwa mteja. Anataka cha bure na amekifungia kitisho, na kwenye sheria za nchi nyingi kudai kitu kwa vitisho ni kosa hata kama anachotishia kukiandika ni kweli. Uingereza kwa mfano, sheria ya wizi ya mwaka 1968 kifungu cha 21 inaruhusu kifungo mpaka miaka 14. Kauli yake ameikunja vizuri isionekane kitisho, kwa hiyo ushahidi wenu ni ule mfululizo: aliomba lini, mlikataa lini, akaandika lini. Zihifadhini meseji zote na tarehe zake, pamoja na hicho kikatuni cha macho.

Kuna kesi ya Marekani inaitwa Obsidian dhidi ya Cox. Bloga aliandika vibaya kuhusu kampuni moja ya ushauri wa fedha na kiongozi wake, halafu akawapa ofa ya kuwafanyia kazi ya kulinda jina lao kwa dola 2,500 kwa mwezi. Mwaka 2011 jopo la raia mahakamani likaamua alipe dola milioni 2.5. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo na kuagiza isikilizwe upya, ikisema bloga ana ulinzi ule ule wa uhuru wa kusema alionao mwandishi wa habari. Mi hiyo rufaa naiunga mkono kabisa, ila ulinzi ule ni wa kuandika, sio wa kuuza ukimya.

Na hata mngekubali kubadilishana kazi na sifa, tangu Desemba 2009 miongozo ya FTC, tume ya biashara ya Marekani, inataka bloga aliyepewa pesa au kitu cha bure awaambie wasomaji wake. Akija mwingine mstaarabu zaidi, muulizeni kwanza kama atasema.

Kwa sasa ripotini hizo nyota kwa wenye jukwaa kwamba hao sio wateja, waombeni maharusi mliowahudumia waandike walichokiona, na nyie wekeni jibu moja fupi bila kumtaja, mkishaliweka msirudi kubishana.

SWALI: Dada, mi nina blogu ila ndogo. Kuna bloga mkubwa wa afya anasimulia alivyopona ugonjwa mzito kwa lishe ambayo anaiuza, mi namjua kwa karibu, hakuwahi kuumwa huo ugonjwa. Nikisema nitaambiwa wivu. Ninyamaze kuepuka bifu?

JIBU: Usinyamaze tafadhali, kuna mtu sa hivi anasoma pale huku amesitisha dawa za hospitali. Belle Gibson wa Australia alijijengea jina kwa kudai anaitibu saratani ya ubongo kwa chakula, akatoa kitabu na programu ya simu. Mwaka 2015 waandishi wa habari walianza na swali dogo tu linalopimika, pesa ulizosema umezichangia mashirika ya misaada zimefika? Hazikuwa zimefika. Kutoka hapo yakafunguka mengine mpaka akakiri mwenyewe kwamba saratani hakuwa nayo, na mwaka 2017 mahakama ikampiga faini ya dola 410,000 za Australia.

Fuata njia hiyo. Anza na kinachothibitika, tarehe zake zinazopishana, maneno yake aliyoyaandika mwenyewe. Muulize kwa maandishi, mpe muda, na jibu lake liweke hata kama limekukera. Ukiongezea kwamba kaachwa na mume au kanenepa umempa mlango wa kutokea, atajibu hilo, watu watagawanyika timu mbili na habari ya dawa itasahaulika. Ukiona huna ubavu peke yako peleka ushahidi kwa chombo cha habari au mamlaka ya kulinda walaji.

SWALI: Mhariri, bloga mdogo ambaye hata hasomwi ameandika uongo kuhusu mimi. Mi nina wafuasi wengi kumzidi mbali. Nimwanike au nimshtaki?

JIBU: Ndugu yangu, ukimwanika au ukimshtaki utakuwa unamtangaza wewe mwenyewe. Mwaka 2003 Barbra Streisand, mwimbaji maarufu wa Marekani, alishtaki akidai dola milioni 50 kwa sababu ya picha ya angani iliyoonesha nyumba yake kwenye mradi wa kupiga picha pwani ya California. Kabla ya kesi picha ile ilikuwa imepakuliwa mara 6, mbili kati ya hizo ni mawakili wake, baada ya kesi watu zaidi ya 420,000 wakaingia kwenye tovuti ile ndani ya mwezi mmoja, na kesi akashindwa. Mwandikie faraghani huyo kijana, mtumie ushahidi, muombe arekebishe. Akigoma, weka sahihisho kwako bila jina lake, bila tagi wala linki, na komenti za posti hiyo zifunge tangu mwanzo.