Usikubali Hedi Ifunguliwe Kabla ya Vipimo

Juma lililopita msomaji mmoja wa Mbagala aliniandikia kwamba Corolla yake ya miaka ya tisini inachemsha, na fundi amekwisha kumwambia kuwa gasketi ya hedi, yaani ya kifuniko cha juu cha injini, imeungua, hivyo atafute fedha injini ifunguliwe. Nilipomuuliza ni kipimo gani kilichofanyika, alinijibu kwamba fundi aliona mvuke ukitoka kwenye rejeta, akatikisa kichwa, basi. Ninamjibu hapa kwa sababu jambo hilohilo liliwahi kunipata, na bado linaniuma.

Nilikuwa na Corolla 110 yenye injini ya 5A, gari nililolinunua kwa kujinyima, ambalo lilianza kupandisha joto kwenye foleni ya Ubungo. Fundi wa gereji moja ya Ilala alifungua boneti, akashika mpira wa rejeta, akatamka kwamba gasketi imekwisha. Hedi iliposhushwa niliitazama ile gasketi kwa macho yangu: pete za chuma zinazozunguka silinda zilikuwa nzima, wala hapakuwa na alama yoyote ya moto kupenya. Nilipouliza, niliambiwa kwa ukali kwamba mimi si fundi. Nililipia gasketi mpya, oili mpya na kazi yote, na haukupita muda gari likachemsha tena kwenye foleni ileile.

Fundi wa pili, mtu mtaratibu, alianza kwa kuniuliza kama gari linachemsha likiwa limesimama au likiwa linakimbia. Lilichemsha kwenye foleni tu. Nikiwa kasi kwenye Barabara ya Bagamoyo geji ilitulia, kwa kuwa upepo wa mwendo ulifanya kazi ambayo feni ilishindwa kuifanya. Mota ya feni ya rejeta ilikuwa imechoka. Nilinunua mota iliyotumika huko Gerezani, na ugonjwa ukaisha.

Gasketi ya hedi hukaa kati ya bloki na hedi, nayo hutenganisha gesi za moto za silinda, maji na oili. Dalili hutegemea imepasuka upande gani: gesi zinaweza kuingia kwenye maji bila oili kuguswa, na maji yanaweza kuingia kwenye silinda ilhali oili imebaki safi. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba gasketi ni nzima kwa kuwa oili haijachanganyika na maji ikawa kama maziwa hajakuambia kitu, na anayeihukumu kwa mvuke wa rejeta peke yake hajakuambia kitu pia.

Anza asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Kamwe usifungue kofia ya rejeta injini ikiwa ya moto, kwa sababu mgandamizo unaoshikiliwa na kofia hiyo huyafanya maji yasichemke hata yakifika karibu nyuzi 120, na ukiifungua yote hukurukia usoni. Jaza maji, washa gari, utazame. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki, lakini mapovu yasiyokoma yanatia shaka kubwa. Rudisha kofia na uubonye mpira wa juu wa rejeta: ukikakamaa mara tu baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata joto, kinachousukuma ni gesi ya silinda. Moshi mweupe wa asubuhi kule Njombe kwenye baridi ni jambo la kawaida. Hapa Dar es Salaam, ukiendelea kutoka kwenye ekzosi baada ya injini kupata moto, huku maji yakipungua bila kuvuja popote, usiupuuze.

Kwa magari ya otomatiki kuna mtego ambao umewaponza wengi. Ukikuta uji wa rangi ya waridi kwenye rejeta, mara nyingi ni kipoza oili ya gia kilichomo ndani ya rejeta ndicho kilichotoboka. Hapo gasketi haina kosa, bali gia boksi ndiyo iliyo hatarini, na gari lisiendeshwe.

Baada ya macho, dai vipimo. Kuna kifaa chenye maji ya kemikali ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiunguruma. Gesi za moto zikiwemo, buluu hugeuka kuwa njano. Kuna pampu ya kujaza mgandamizo kwenye rejeta, kisha plagi zinafunguliwa kuona kama kuna silinda yenye maji. Na kuna geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo ndani ya kila silinda: silinda mbili zinazopakana zikishuka pamoja, ukuta wa gasketi kati yake umekatika. Kumbuka kwamba kompresheni nzuri peke yake haithibitishi kwamba gasketi ni nzima, kwa maana ufa mdogo unaweza kunyamaza wakati wa kupima ukafunguka njiani.

Mwezi uliopita RAV4 ya zamani ya dada yangu ilipoanza kumaliza maji na kumisi (silinda kushindwa kuwaka vizuri) asubuhi, nilisimama hapo gereji mpaka vipimo vyote vikafanyika. Buluu iligeuka njano, na plagi ya silinda ya tatu ilitoka imelowa. Hapo ndipo niliposema hedi ifunguliwe, na gasketi ilikutwa imekatika palepale. Ninajivunia jambo hilo, na ningependa kila mwenye gari la zamani awe na ukaidi huo, kwa sababu fundi mwaminifu hachukizwi na kipimo.

Hedi ikishashuka, kazi bado. Hedi za aluminiamu hupinda zikichemshwa, kwa hiyo idai ipimwe kwa rula nyoofu pamoja na uso wa bloki. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota kikomo ni karibu milimita 0.05, na ikizidi hapo isawazishwe kwenye mashine au itafutwe nyingine. Kataa pia desturi ya kutupa thamostati, vali inayodhibiti joto la maji ya injini, eti kwa sababu Dar ni joto. Injini imeundwa kufanya kazi nayo, na kuiondoa huficha tu chanzo cha kuchemsha. Dada yangu aliwekewa thamostati mpya na kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) badala ya maji ya kisima yenye chumvi, na tangu hapo chupa ya akiba haijashuka.