Bia moja ya mapumziko na barua ya onyo

Ndugu yangu, umeuliza kama hoteli ya Nungwi inaweza kukupa onyo kwa bia moja uliyokunywa nje ya geti, wakati wa mapumziko. Anza na mkataba wako. "Marufuku kulewa kazini" si sawa na "marufuku kutumia kilevi siku ya kazi". Hilo la pili linakubana hata ukiwa nje, hata ukiwa timamu. Na Zanzibar tuna Sheria yetu ya Ajira, Namba 11 ya 2005. Ya Bara haihusiki, na wengi huchanganya hapo.

Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina karibu gramu 20 za alkoholi. Mwili huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, basi uliyokunywa saa saba mchana, saa nane na nusu bado imo. Kahawa haiharakishi kitu. Kwa nahodha au mzamiaji anayebeba roho za wageni, mimi sioni hata la kujadili.

Ukipulizishwa kipimo, dawa ya kusukutua huweza kupandisha namba. Omba kirudiwe baada ya dakika 15 bila kutia kitu mdomoni, saa na matokeo yaandikwe, nawe ubaki na nakala.