Jibu: Nimeachika nikiwa na miaka 23, nitacheka tena lini?

Mdogo wangu, pole sana. Umeuliza kama mwanamke aliyeachika na miaka 23, na mtoto mgongoni, anaweza kucheka tena bila kuonekana hana haya. Mimi niliachika nikiwa mdogo kuliko wewe, na nakwambia anaweza. Ila kicheko sikukipata kwa wa rika langu. Wao nikiingia wananyamaza, au wananionea huruma, na huruma ile ilinichosha kuliko masengenyo.

Eda nilikaa kwa bibi yangu, Pangani. Alasiri mashoga zake walikuja kusuka ukili, na karibu wote walishawahi kuachwa. Bibi mwenyewe aliolewa mara tatu. Akatusimulia ya mume wa kwanza: asubuhi kamwandikia talaka, adhuhuri kamtuma mtoto kuuliza chumvi imewekwa wapi. Bibi akamjibu, "Mwambie aitazame kwenye ile karatasi." Wale wazee walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikacheka nao. Hakuna aliyenikemea. Nikawatazama: wamelea, wamefanya biashara, wengine wameolewa tena wakapendwa. Usiku ule nililala usingizi.

Sasa hilo uliloandika, kwamba mumeo kakutoa na nguo tu kwa sababu hukuwa na mshahara, usilikubali. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 114, mahakama inapotoa talaka inaweza kuagiza mali mliyochuma pamoja igawanywe. Na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo ni mchango. Karatasi ya talaka uliyopewa na mumeo haitoshi kwa hilo. Anzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Wakishindwa kuwapatanisha wanatoa hati, unakwenda nayo mahakamani. Mtoto wa chini ya miaka 7 sheria inaanza kwa kuona anafaa kukaa na mama, ingawa hakimu anaweza kuamua vingine.

Mimi fungu langu lilikuwa dogo. Nilinunulia cherehani, na ndiyo inayomsomesha binti yangu.

Umemtaja shangazi yako, aliyeachika zamani na hamjawahi kulizungumza. Nenda kwake wiki hii. Usiende kulia tu. Muulize yake ilikuwaje, umwache aseme mpaka amalize.