Kabla Hujapakua Draiva, Soma Namba ya Kifaa

Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za ofisi ndogo, maduka na steshenari, hasa Sinza, Mwenge na Kariakoo jijini Dar es Salaam, na lalamiko ninaloitiwa mara nyingi kuliko yote ni kwamba kompyuta haioni printa, skana au kidude kingine kilichonunuliwa juzi. Ninapofika, mara nyingi hukuta mwenye ofisi ameshamaliza nusu ya bando lake akipakua programu za kila namna kutoka tovuti asizozijua, kwa sababu aliandika Google jina lililochapwa kwenye boksi. Ushauri wangu kwake huwa ni mmoja: aachane na jina la kwenye boksi, atafute draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, kwa namba ambayo kifaa chenyewe kinaitaja kinapochomekwa. Wanaonunua spea za magari Gerezani wanalifahamu jambo hili, kwani muuzaji makini hatosheki na jina la gari bali huuliza namba ya chasisi.

Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, uwe Windows, Linux au macOS, haujui namna ya kuzungumza na kila kifaa kinachotengenezwa duniani. Unachokijua ni mambo ya jumla: kuna ukurasa wa kuchapwa, kuna faili la kuandikwa kwenye diski, kuna sauti ya kupigwa. Kazi ya kuligeuza ombi hilo la jumla liwe amri ambazo chipu ya kifaa fulani inazielewa ni ya draiva. Ndiyo maana Word haihitaji kujua umenunua printa ya kampuni gani. Yenyewe huukabidhi mfumo endeshi ukurasa, mfumo nao hupitisha ukurasa huo kwa draiva, na draiva ndiyo inayoshughulika na mashine. Draiva isipokuwepo, au ikiwepo isiyo yake, mlolongo huo hukatika hapo, hata kama printa ni mpya na taa zake zote zinawaka.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mkono. Printa ilikuwa na tundu lake, kipanya kilikuwa na tundu lake, na fundi alilazimika kupanga mwenyewe namba ambazo kadi mbili za ndani ya kompyuta hazikutakiwa kuzigombea. Windows 95 ilikuja na utaratibu wa kuvitambua vifaa yenyewe, na toleo la kwanza la USB likatoka Januari 1996. Tangu hapo wajibu wa kujitambulisha uko kwa kifaa.

Kujitambulisha huko hufanyika haraka sana, lakini ni vyema kukufahamu, kwa sababu matatizo mengi hutokea katika hatua mojawapo kati ya hizi. Unapochomeka waya, kifaa hubadilisha hali ya umeme kwenye waya mmoja kati ya nyaya mbili za data, na kompyuta ikajua kwamba kuna mgeni. Kompyuta hukirudisha kifaa katika hali ya mwanzo, hukiuliza maswali kikiwa kwenye anwani sifuri, kisha hukipa anwani yake kati ya 1 na 127. Kifaa nacho hujibu kwa maelezo mafupi ya baiti 18, na ndani ya baiti hizo zimo namba mbili zinazotuhusu: namba ya mtengenezaji, inayotolewa na chombo kinachosimamia viwango vya USB, na namba ya bidhaa, ambayo mtengenezaji hujipangia. Windows huziunganisha zikawa mstari kama USB\VID_1A86&PID_7523 (VID ni namba ya mtengenezaji, PID ni ya bidhaa), kisha hutafuta katika hazina yake faili la maelekezo linalodai mstari huo. Linux nayo hulinganisha namba hizo na orodha ya namba ambazo kila moduli (kipande cha programu) ya kiini chake, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, imejitangaza kuzihudumia, kisha huipakia inayofaa.

Namba kamili isipopatikana, mfumo hutazama kundi la kifaa. Viwango vya USB vimeweka makundi ya kawaida, na kila mfumo endeshi wa leo huja na draiva za makundi hayo tayari. Flashi yako hufanya kazi bila kupakua chochote kwa sababu inajitangaza kuwa kifaa cha kuhifadhia data; kipanya, kibodi, kamera nyingi za mikutano na vipokea sauti vya masikioni vina makundi yao pia. Skana nyingi za bakodi zinazouzwa kwa ajili ya maduka hujitangaza kuwa kibodi, jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Fungua Notepad, elekeza skana kwenye pakiti ya sabuni, bonyeza. Tarakimu zikijitokeza kwenye ukurasa, skana ni nzima na hakuna draiva ya kutafuta. Shida iliyobaki itakuwa kwenye programu yako ya mauzo. Visoma alama za vidole ni habari nyingine, kwani vingi huhitaji draiva ya mtengenezaji na programu yake.

Printa ndiyo inayosumbua kuliko vyote, na sababu yake hueleweka ukitenganisha mambo mawili. Kundi la printa katika USB linahusu njia ya kupitisha data tu. Halisemi data hiyo iwe katika lugha gani. Printa kubwa za ofisi huelewa lugha za ukurasa zinazojulikana, kama PCL au PostScript, hivyo hata draiva ya jumla huweza kuzichapisha. Printa nyingi za bei nafuu hazina uwezo huo: kompyuta ndiyo huuchora ukurasa mzima nukta kwa nukta, na printa hupokea nukta hizo kwa mpangilio ambao mtengenezaji peke yake anaujua. Printa ya namna hiyo ikikosa draiva ya toleo lako la mfumo endeshi, haitumiki kwenye kompyuta hiyo. Windows ya biti 64 haipakii ndani ya kiini chake draiva ya biti 32, na Windows 11 haina toleo la biti 32 kwa kompyuta. Kwa hiyo mtu anayenunua printa ya mtumba iliyokuwa ikitumika na Windows XP, ambayo kwa kawaida ilikuwa ya biti 32, anapaswa kuhakikisha draiva kabla ya kutoa pesa. Printa za risiti, kinyume chake, huwa rahisi, kwani nyingi zimeiga lugha ya ESC/POS iliyoanzishwa na Epson na hukubali draiva za jumla.

Mwelekeo wa sasa unapunguza adha hii. Apple ilileta AirPrint, njia ya kuchapisha bila draiva ya mtengenezaji, mwaka 2010, baadaye vikaja viwango vinavyofanana nayo kwa vifaa vingine, na printa nyingi mpya zenye mtandao huchapisha bila draiva ya mtengenezaji. Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba hatua kwa hatua itaacha kusambaza draiva za printa za watengenezaji kupitia Windows Update, huduma yake ya kusasisha Windows. Kwa steshenari inayonunua printa leo, mimi ningelipa zaidi kidogo nipate yenye mtandao na uwezo huo, hata kama kwa sasa itaunganishwa kwa waya.

Sasa, namba yenyewe inasomwa vipi? Katika Windows, bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya na ufungue Device Manager, utafute kifaa chenye alama ya mshangao ya njano, ufungue Properties, kisha Details, na katika orodha ya hapo uchague Hardware Ids. Katika Linux, fungua dirisha la amri na uandike lsusb. Utakachoandika Google ni ule mstari wa namba, na jibu mara nyingi litakuwa jina la chipu, ambalo halionekani popote kwenye boksi. Namba ya 1A86 na 7523 niliyoitaja hapo juu ni ya chipu ya CH340, ambayo imo ndani ya nyaya nyingi za USB kwenda tundu la serial (tundu la zamani la kuunganishia vifaa) zinazouzwa Kariakoo kwa majina tofauti tofauti. Mafundi wa mizani za kielektroniki na wanafunzi wanaotumia bodi za Arduino (bodi ndogo za kujifunzia elektroniki) za bei nafuu hukutana nayo kila mara.

Nyaya hizo pia zinafundisha jambo ambalo mnunuzi wa Dar es Salaam hana budi kulijua, kwamba chipu inaweza kusema uongo. Waigaji hutengeneza chipu zinazojitambulisha kwa namba za kampuni kubwa ili zitumie draiva za kampuni hizo. Kampuni nazo hujibu. Oktoba 2014 draiva ya FTDI, kampuni inayotengeneza chipu za nyaya kama hizo, iliyosambazwa kupitia Windows Update ilikuwa ikizibadilisha namba za bidhaa za chipu bandia kuwa sifuri, na nyaya za watu zikaacha kutambuliwa, mpaka draiva hiyo ilipoondolewa baada ya malalamiko. Prolific, kampuni nyingine ya chipu hizo, walichagua njia tofauti: draiva zao mpya huzikataa chipu bandia, na hata baadhi ya chipu zao wenyewe za zamani. Ukifungua Device Manager utakuta jina la kifaa limegeuka kuwa ujumbe kwamba chipu hiyo iliondolewa sokoni tangu 2012 na kwamba uwasiliane na aliyekuuzia. Ukiona hivyo usihangaike kusakinisha upya draiva ileile. Ama urudi kwenye draiva ya zamani, ama ununue waya mwingine, na mimi hushauri la pili.

Ipo namba nyingine ambayo ukiiona unapaswa kuacha kutafuta draiva papo hapo. Kifaa kikionekana kwa VID_0000 na PID_0002, maana yake kompyuta imehisi kuna kitu kimechomekwa lakini zile baiti 18 hazikufika. Hapo hakuna draiva itakayosaidia, kwa sababu mfumo haujui hata unazungumza na nani. Badilisha waya, badilisha tundu, ondoa hab (kidude cha kuongeza matundu ya USB) iliyo katikati. Waya wa USB 2.0 haupaswi kuzidi mita 5, lakini nimeona steshenari zilizounganisha nyaya mbili tatu za kurefushia ili printa ikae upande wa wateja. Umeme nao huchangia: tundu la USB 2.0 hutoa hadi milliampia 500, na la USB 3.0 hadi 900, hivyo diski ya nje inayotoa mlio wa kugonga na kupotea mara nyingi inahitaji tundu lenye nguvu zaidi.

Kuhusu programu zinazojitangaza kwamba zitasasisha draiva zako zote kwa kubofya mara moja, msimamo wangu ni mkali: usiziweke. Draiva nyingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo kosa dogo huangusha kompyuta nzima. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja lenye kasoro, lililosomwa na draiva ya ulinzi ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5, na hao ni watu wanaojua wanachokifanya. Kwa sababu hiyohiyo, Windows ya biti 64 tangu Vista hudai draiva za kiini ziwe na sahihi ya kidijitali, yaani uthibitisho wa zilikotoka na kwamba hazijachezewa, na fundi anayekuambia uzime ukaguzi huo ili kidude chake kifanye kazi anakutaka uache mlango wazi. Anza na Windows Update, kisha tovuti ya mtengenezaji wa kifaa, kisha tovuti ya mtengenezaji wa chipu. Zaidi ya hapo, sipendekezi.

Steshenari zina tatizo moja la ziada ambalo huonekana kama ugonjwa wa draiva. Printa isiyojitaja kwa namba yake binafsi (inayoitofautisha na nyingine za aina yake) ikichomolewa na kuchomekwa tundu lingine, Windows huichukulia kuwa printa mpya na kuongeza nakala ya jina lake kwenye orodha. Kazi za wateja huendelea kupelekwa kwenye jina la zamani, na foleni hujaa bila karatasi kutoka. Rudisha waya kwenye tundu lake la awali, kisha uliwekee alama kwa kalamu, kwa sababu anayefagia asubuhi atauchomoa tena.

Kabla hujamwachia fundi aipige kompyuta Windows upya, mwombe afungue dirisha la amri kama msimamizi, atengeneze folda kwenye flashi, na aandike pnputil /export-driver * ikifuatiwa na njia ya folda hiyo. Amri hii, iliyopo Windows 10 na 11, hunakili draiva zote zilizoongezwa na watengenezaji, na baada ya usakinishaji unaweza kuzirudisha bila kutumia bando. Kama hilo halikufanyika na kompyuta imebaki bila hata draiva ya Wi-Fi, chukua simu ya Android, iunganishe kwa waya wa data, na uwashe kushiriki intaneti kwa USB kwenye mipangilio yake. Kwa kawaida Windows na Linux huwa na draiva ya njia hiyo tayari, hivyo simu hugeuka kuwa kadi ya mtandao, na draiva zilizokosekana hupakuliwa kupitia hapo. Hakikisha tu kwamba waya si wa kuchaji peke yake.

Ukienda kununua kifaa, beba kompyuta mpakato utakayokitumia nayo na umwombe muuzaji akichomeke hapohapo dukani, usome namba mbele yake. Ikiwa kompyuta yako ni ya Windows yenye prosesa (chipu kuu) ya aina ya ARM badala ya Intel au AMD, uliza mahsusi kuhusu draiva za ARM64, kwa sababu draiva za kawaida za kiini hazitapakiwa hata kama programu zako nyingine za zamani zinafunguka vizuri. Muuzaji akikataa kuchomeka, vuka barabara, kwani maduka ya Kariakoo yanayouza kidude hichohicho hayakosekani.