RX-78-2 ya 1/100: toleo la 2.0 na la 3.0

Ndugu, umeuliza kama inafaa kununua toleo la 3.0 la RX-78-2, roboti ya katuni ya Gundam, katika daraja la Master Grade (modeli za plastiki za kuunganisha mwenyewe, hii ikiwa ya kipimo cha 1/100), ilhali tayari unalo la 2.0. Naona inafaa, ila usilichukulie kama marekebisho ya lile ulilo nalo, kwa sababu Bandai, watengenezaji wake, walipolitoa mwaka 2013 walikuwa wamebadili shabaha yenyewe. Toleo la 2.0, la mwaka 2008, linafuata roboti tunayoijua kutoka katuni ya 1979: maungo laini yasiyo na mistari mingi. La 3.0 linakaribia zaidi sanamu ya ukubwa kamili iliyosimamishwa Odaiba, Tokyo, mwaka 2009, na ndiyo maana mabamba yake ya nje yamegawanywa katika vipande vidogo vidogo vya weupe unaopishana kidogo. Likunje goti polepole chini ya taa, uone mabamba ya mguu yanavyosogea na kuifichua fremu ya ndani. Hapo ndipo ilipo thamani yake hasa.

Vipande vingi vina maana ya makovu mengi ya kukatia, yaani alama zinazobaki kipande kinapokatwa kutoka kwenye kitawi cha plastiki kinachokishikilia. Kata mara mbili, kwanza mbali na kipande, kisha karibu, halafu umalizie kwa msasa laini, maana kovu kwenye plastiki nyeupe huonekana upesi. Stika ndogo zishike kwa kibano.

Kwa sura ya kichwa, mimi bado napenda la 2.0, kwa hiyo usiliuze.