Kwako mwalimu uliyekabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu

Mwalimu mwenzangu, umeripoti juzi tu na tayari umepewa ufunguo wa kabati pamoja na agizo la "wahamasishe watoto wasome". Na mimi nilianza hivyohivyo. Hela ya zawadi haikutajwa, kwa hiyo nadhani wiki hii unapiga hesabu ya biskuti na kalamu kutoka mfukoni mwako.

Usinunue kitu bado. Fungua kabati kwanza. La kwangu lilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, vitabu vya ziada vimefungwa mafungu kwa kamba ya katani, vingine bado vinanukia wino kwa kutoguswa. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kubisha hodi kwa mkuu eti anataka kitabu cha sungura. Nilivitoa, nikafunga kamba ya kuanikia nguo nyuma ya darasa, nikavibana kwa vibanio. Wiki mbili nikakaa kimya, bila kuahidi chochote. Wapo walioanza kusoma kwa sababu tu vitabu vimefikika, na hao ndio wa kuwaonea huruma usije ukawaharibu.

Mwaka 1973 watafiti wa saikolojia huko Marekani walichapisha jaribio la watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti ili wachore, wengine walipewa cheti kwa kushtukizwa, wengine hawakupewa kitu. Siku zilizofuata, wale wa ahadi walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupungua. Kwa hiyo mtoto anayesoma tayari, mshtukize. Ahadi iweke kwa yule ambaye bado kitabu kinamtisha.

Hayo niliyajua baadaye. Muhula wa kwanza nilisimama mstarini nikatangaza kwamba atakayesoma vitabu vingi kuliko wote atapata begi. Wiki ya tatu mashindano yalibaki ya watoto watatu, wote kutoka nyumba zenye vitabu, na darasa zima lililobaki likawa watazamaji. Mmoja wa hao watatu aliniletea orodha ya vitabu kumi na tisa. Nikamuuliza fisi mwishoni alipatwa na nini. Akanitazama kama mtu asiyemfahamu fisi kabisa. Alikuwa amenakili majina kwenye majalada, akianzia vitabu vyembamba. Sikumchapa wala kumsema, maana mimi ndiye niliyetangaza kununua idadi, naye akaniuzia idadi.

Begi lilikwisha, nikahamia kwenye kadi. Manila moja inatoa kadi nyingi ukikata vizuri; kila kadi ina visanduku kumi, kitabu kimoja kisanduku kimoja, na kila anayejaza anapata penseli, awe wa kwanza au wa mwisho. Maktaba za Uingereza zimekuwa zikifanya hivi wakati wa likizo ya kiangazi tangu 1999: kwa miaka mingi lengo lilikuwa vitabu sita, na anayemaliza anapata cheti chake bila kujali jirani kasoma vingapi.

Kisanduku kinajazwaje? Hapa ndipo wengi hukwama, maana darasa la watoto sabini huwezi kumsikiliza kila mmoja. Mimi niliwapanga wawili wawili. Aliyesoma anamsimulia mwenzake, na yule msikilizaji ndiye anayekuja kunisimulia mimi, wakati wa uji, watoto watano kwa siku. Akishindwa, wote wawili wanarudi kwenye kitabu. Udanganyifu ulipungua sana, kwa sababu hakuna mtoto anayekubali kukosa alama kwa uvivu wa rafiki yake.

Tena lipia kusoma, usilipie alama za mtihani. Huko Dallas, Marekani, watoto wa darasa la pili waliwahi kulipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali machache, na uelewa wao wa kusoma ulipanda. New York walilipia matokeo ya majaribio, Chicago wakalipia alama za darasani. Ufaulu wa mitihani haukusogea. Sishangai. Mwambie mtoto amalize kitabu, anajua aanzie wapi. Mwambie apandishe alama, atakutumbulia macho.

Kuna wasiounganisha silabi bado, utawakuta hata darasa la tatu, hata la nne. Kwao kisanduku kimoja ni ukurasa mmoja, na usiandike tofauti hiyo kwenye kadi. Kadi zote zifanane. Nilikuwa na mtoto aliyejaza visanduku kumi kwa kitabu kimoja, na penseli yake aliizungusha darasa zima.

Kuhusu zawadi zenyewe: biskuti huisha kabla hujamaliza kuigawa na huacha mafuta kwenye kurasa. Penseli, kichongeo, rula, inatosha. Ila iliyogombewa kuliko zote haikunigharimu hata senti: kuchagua hadithi nitakayowasomea darasa zima siku ya Ijumaa. Ya pili ilikuwa kushika ufunguo wa kabati kwa wiki nzima.

Vitabu vitachanika na vingine vitapotea. Jalidi kwa magazeti, weka gundi karibu, na mengine yameze. Mimi niliwahi kumdai mtoto shilingi elfu mbili za kitabu kilicholoa mvua. Kesho yake mama yake alikuja mwenyewe, akaniwekea hela mezani, akasema, "Mwalimu, nakuomba mwanangu asipewe kitabu tena." Habari ilizunguka mtaani, na kwa mwezi mzima hakuna mtoto aliyethubutu kutoka na kitabu kwenda nacho nyumbani. Sikudai tena.

Muhula wa pili manila iliniishia, nikaacha makusudi kununua nyingine ili nione kama watasoma bila kadi. Ijumaa jioni, watoto wameshaondoka, nilihesabu kwenye kamba vibanio visivyo na kitabu: ishirini na tatu. Tafuta vya mti, kama utavipata. Vya plastiki vikikaa dirishani jua linavikatakata.