Maswali na majibu: Ndege ipi inaruhusiwa kuondoka kwa RNAV?

Shikamoo mzee. Tukiwa Dar tunakuja Mtwara, rubani alisema tutaondoka kwa RNAV. Ndiyo nini? (Msomaji wa Chuno)

Marahaba. Zamani ndege ilifuata minara ya redio: unaelekea mnara huu, ukiufikia unaushika mwingine, kama nahodha wa Mikindani anayekwenda kwa alama za nchi kavu. Kwa RNAV ndege hupita popote palipopangwa, hata kama chini ni pori tupu au bahari. Njia huchorwa kwa pointi za angani, nyingi zenye majina ya herufi 5, na kompyuta ya ndege huziunganisha.

Mbona hata simu yangu ina GPS? Ndege yenye GPS si tayari inastahili? (Fundi simu, Masasi)

Hapana, ndugu yangu, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kuwa na kifaa ni mwanzo tu. Njia za kuondokea mara nyingi hudai kiwango kiitwacho RNAV 1: ndege isipotoke njia kwa zaidi ya maili 1 ya baharini, yaani kilomita 1.85, kwa asilimia 95 ya muda wa safari. Mfumo wake lazima uwe umethibitishwa kwa kiwango hicho, marubani wawe wamefunzwa, na kampuni iwe na kibali.

Halafu kuna kumbukumbu ya njia zilizomo ndani ya kompyuta. Hutolewa upya kila baada ya siku 28. Ikipitwa na wakati, kifaa kizima kabisa hakikusaidii.

Tena rubani haruhusiwi kuitunga njia hiyo mwenyewe kwa kuingiza pointi mojamoja. Anaiita kwa jina lake kutoka kwenye kumbukumbu, kisha mmoja anasoma skrini na mwenzake anafuata kwenye chati: jina la pointi, uelekeo, umbali, kikomo cha kimo. Herufi moja ikitofautiana, wanasimama hapo hapo. Kazi hiyo hufanyika abiria mnapohangaika na mabegi, nami naiheshimu mno.

Mwongoza ndege anajuaje kwamba ndege hii inastahili? (Mwanafunzi, Newala)

Swali zuri sana, mjukuu wangu. Anasoma mpango wa safari uliotumwa kabla. Kwenye kisanduku cha 10 huandikwa herufi R, kuonyesha ndege ina uwezo huo, na kwenye cha 18 hutajwa kiwango chenyewe. D2, kwa mfano, ni RNAV 1 kwa kutegemea satelaiti. D1 ni RNAV 1 kwa vifaa vyote vinavyokubalika. Ikiandikwa B1 pekee, hiyo ni RNAV 5 ya maili 5, inayofaa njia kuu za juu. Kwa kuondokea kunakodai RNAV 1 haitoshi. Anayejaza herufi asizostahili anamdanganya mtu anayezitegemea kutenganisha ndege na ndege.

Ndege za propela je? (Msomaji wa Lindi mjini)

Zinaweza. Aina ya injini haihusiki. Dash 8-400, ambayo ni ya propela, ikikamilika vifaa na vibali itapita pale ambapo jeti kubwa ya zamani itakataliwa.

Safari moja rubani alitangaza kwamba mfumo wa satelaiti una hitilafu, tukaondoka kwa njia nyingine. Mama yangu alisali mpaka tunatua. Tulikuwa hatarini? (Msomaji wa Shangani)

Mpe mama pole yangu, na umwambie rubani yule alifanya lililo sawa. Ndege inaweza kustahili Jumatatu na isistahili Jumanne, kifaa kimoja tu kikiharibika. Baadhi ya ndege bado zitapita kwa kupima umbali wa vituo vya redio vya ardhini. Nyingine hazina njia hiyo. Rubani asipoweza, anamwambia mwongoza ndege wazi kwamba hawezi RNAV kwa sababu ya vifaa, nao wanapatana mapema. Hata akiwa hewani tayari, anatakiwa aseme. Baada ya hapo, penye rada, anaweza kuongozwa kwa rada, kwa maneno mepesi tu: geuka kushoto, shika uelekeo 160, panda.